Siku Tuliyoliosha Tangi la Mavi

Hoteli yangu iko Mitunguu, pale malori ya ndizi yanapoegesha, na chakula chake hupikwa kwa mavi ya ng'ombe. Naandika hilo mwanzoni ili mwenye roho nyepesi ageuze ukurasa sasa, asinitapikie kitabu katikati. Anayebaki akae vizuri. Mimi nilisoma hadi darasa la nne, yaliyobaki nikasomea jikoni, na nataka kueleza jinsi mjukuu wangu alivyokaribia kupoteza kazi kwa sababu ya usafi.

Zamani nilipika kwa kuni kama kila mtu. Zililetwa na mkokoteni wa punda, na kila msimu mwenye punda alileta chache zaidi na kutaka pesa zaidi, mpaka nikadhani punda ndiye anazila njiani. Moshi nao ulikuwa na mambo yake. Kuta nyeusi, dari nyeusi, macho yangu mekundu, na mteja akiingia na shati jeupe alitoka akinuka kama mtu aliyelala tanurini. Wapakiaji wa ndizi hawakujali, wao walinuka vyao tayari. Lakini walimu, watu wa benki, na akina mama wa kanisa wenye vitambaa vyeupe walipita mbele ya mlango wangu wakienda kula kwingine, nami nikabaki nikitazama migongo yao.

Mjukuu wangu ndiye aliyeleta neno jipya. Huyu ni mtoto wa binti yangu wa kwanza, nilimlea mimi, na ndiye wa kwanza katika boma letu kuvaa ile kofia ya mraba ya chuo kikuu. Picha yake iko ukutani juu ya meza ya chai. Mteja asipouliza ni nani, mimi humuuliza kama ameiona. Alikuwa amepata kazi Meru mjini, katika ofisi inayofundisha wafanyabiashara kupata faida bila kumaliza miti, maji na udongo. Wanaita biashara endelevu.

"Cucu," aliniambia siku moja, maana ndivyo anavyoniita mimi nyanya yake, akipangusa masizi kwenye kiti kabla ya kukaa, "hoteli yako lazima iwe endelevu."

"Imeendelea tangu mama yako akiwa mgongoni. Unataka iendelee mpaka wapi?"

"Mpaka niirithi."

"Kumbe unangoja nife."

"Nangoja uache kukohoa."

Nilitaka kumjibu, nikakohoa.

Basi likachimbwa shimo nyuma ya zizi, fundi akajenga tangi la duara, akalifunika, akavuta mpira hadi jikoni. Upande mmoja kuna mdomo wa kutilia mavi mabichi na maji. Gesi inapanda juu na kuja kwenye jiko. Upande wa pili unatoka uji mzito ambao ni mbolea. Mzee wangu, babu yake mtoto, alilipenda tangi hilo kuliko anavyowapenda baadhi ya ndugu zake. Alilihesabu pamoja na ng'ombe. Asubuhi aliwasalimia ng'ombe wake, halafu akainama kwenye ule mdomo na kuuliza, "Umelalaje?" Likitoa povu, alinigeukia na kunitazama kama mtu anayetaka kusema kwamba wengine hapa nyumbani wakisalimiwa hawajibu vizuri hivyo.

Shida ikawa wateja. Habari zilifika kwenye malori kabla ya gesi kufika jikoni. Siku ya kwanza wapakiaji walikaa mezani wakitazama vikombe vyao kama watu waliopewa dawa ya minyoo.

"Mama," mkubwa wao akaniuliza, "hii chai imepikwa na nini?"

"Na maji, majani na maziwa."

"Chini yake?"

"Chini yake kulikuwa na moto."

"Moto wa nini?"

"Wewe ukila nyama choma huwa unauliza makaa yalikuwa mti gani?"

"Mti haujawahi kutoka kwa matako ya ng'ombe, mama."

"Na maziwa unayokunywa yanatoka wapi? Ni shibiri moja tu kutoka hapo."

Walicheka, lakini chai iliachwa. Mmoja wao alieneza habari kwamba ukinywa chai yangu unaanza kucheua. Walikuwa wakipita nje wanatafuna midomo mitupu, wakitoa sauti ya ndama. Nilitoka na mwiko siku moja nikawafukuza hadi kwenye lori, na huyo mkubwa wao, akiwa juu ya ndizi ambako mwiko haufiki, aliniambia kwa heshima kabisa, "Pole mama, lakini leo umekimbia kama fahali. Ni ile chai."

Yaliisha polepole. Jiko la gesi halikutoa moshi hata kidogo. Pesa iliyokuwa ikienda kwa punda ikanunua rangi, nikapaka kuta rangi ya maziwa, na zikabaki hivyo. Mwalimu mmoja aliingia kwa bahati mbaya akikimbia mvua. Akala githeri ya mahindi na maharagwe, akanusa mkono wa shati lake, akanusa tena, kesho yake akaleta walimu wenzake. Akina mama wa kanisa wakafuata na vitambaa vyao. Ule uji wa tangi tukaumimina kwenye migomba, na migomba ikashtuka. Mikungu ikawa mizito hadi mzee akaiwekea nguzo za kuegemea. Dalali wa ndizi akaja kuniuliza migomba hii naipa nini.

"Chai," nikamwambia.

Ikabidi akae anywe, ili ajue ni chai ya namna gani. Wapakiaji walipomwona dalali wao amekunywa na hakucheua, wakarudi mmoja mmoja, wakijifanya wamekuja kuuliza bei ya mandazi. Huko kwenye ofisi za watu kuna maneno marefu ya kueleza faida ya kutunza mazingira. Langu ni fupi. Kuni zilikuwa zinanifukuzia wateja na nilikuwa nazilipa kwa kazi hiyo.

Ndipo mjukuu wangu akapiga simu. Bosi wake alitaka kuleta wenye biashara waone hoteli inayopika bila kuni. Angekuja mwenye nyumba ya wageni ya Meru mjini, mama mwenye shamba la maua la Timau, na mwingine mwenye kiwanda kidogo cha mikate. Wangeona moto, wangekula chakula cha mchana, wangeuliza maswali.

"Wataona kila kitu," nikamwambia. "Hata picha yako."

"Cucu, nisikilize. Mimi bado niko kwenye majaribio pale kazini. Ziara hii ni yangu, mimi ndiye niliyewaambia waje. Ikienda vibaya, bosi hatanichukua."

"Itaenda vibaya namna gani? Tangi linawaka kama jua."

"Usibadilishe chochote. Liache lilivyo."

Niliyasikia maneno hayo vizuri kabisa. Lakini mtu akisema usibadilishe chochote, huwa hasemi usisafishe. Mimi ni wa Embu, niliolewa huku, na watu wa mzee wangu hadi leo husema mwanamke wa Embu akikosa cha kuosha huiosha sabuni. Wageni wanakuja. Nani hapa kwetu anapokea wageni na uchafu? Mzee alikata ua ukanyooka kama nywele za askari. Tulifagia hadi njia ya bodaboda. Niliosha viti, nikaosha miguu ya meza, nikaosha ng'ombe. Mmoja wao alinitazama na macho ya mtu aliyedhalilishwa.

Halafu nikafika kwenye tangi. Nikatazama ule mdomo wake. Ulikuwa na mavi. Mavi ya jana, ya juzi, ya mwaka juzi, yamekauka ukingoni, na nzi juu yake wamekaa kama wanakamati. Nikamwona mama wa maua wa Timau na viatu vyake safi amesimama hapo. Nikamwona bosi wa mjukuu wangu amejiziba pua, anamwambia mtoto wangu, kwaheri.

"Mzee," nikaita, "lete maji."

"Ya nini?"

"Tunampigisha mswaki ng'ombe wako."

Akaleta kwa furaha. Tuliliosha tangi lile kama mtoto wa kubatizwa. Nikamimina sabuni ya unga, nikasugua kwa ufagio wa choo ambao nilikuwa nimeununua mpya kwa kazi hiyo tu, nikamalizia na ile dawa ya kuua viini inayogeuka nyeupe kama maziwa ukiitia majini. Mzee akasema imebaki kidogo chupani, si vizuri kuiweka, tukaimalizia ndani. Povu lilishuka tumboni mwa tangi likiimba. Tulisimama hapo, mimi na yeye, tukanusa. Lilinuka hospitali. Nilijivuna.

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Jumanne moto ulikuwa mfupi. Mzee akasema tangi limechoka, akaliongezea mavi na kulibembeleza. Jumatano moto ulikuwa kama wa mshumaa wa keki. Alhamisi, siku ya wageni, niliwasha kiberiti, nikafungua, jiko likapumua mara moja, fff, kama mtu anayekata roho bila kutaka kusumbua, na kikawa kiberiti peke yake ndicho kinachowaka.

Nikampigia fundi aliyelijenga.

"Mmelilisha nini?" akauliza.

"Mavi tu. Tena tumeliosha."

Nikasikia anaweka nyundo chini.

"Mmeliosha na nini, mama?"

Nikamweleza. Nikamwambia hata harufu ilikuwa nzuri.

"Mama, gesi inatengenezwa na vijidudu vilivyo humo ndani. Hivyo ndivyo vinakula mavi. Sasa umeviua."

"Nilifundishwa kuua vijidudu tangu shule."

"Hivyo vilikuwa wafanyakazi wako."

Nikakata simu. Nimeajiri watu na nimefukuza watu, lakini sijawahi kuua wafanyakazi wote kwa pamoja, tena siku ya wageni.

Mzee wangu akili yake hufanya kazi haraka ikiwa ya kazi mbaya. Akasema tupike kwa kuni kwa jirani, nyuma ya migomba, tulete sufuria mbio zikiwa moto, tuziweke juu ya jiko.

"Na wakitaka kuona moto?"

"Tunaweka mshumaa chini."

"Chini ya sufuria ya maharagwe ya watu wote hao?"

"Mishumaa miwili."

Nilienda kuosha mchele nikijua hauna pa kupikiwa. Niliporudi nikaona moshi. Alikuwa ameshawasha majani makavu ya migomba kwa jirani, anapuliza, kofia imegeuka nyuma. Mitunguu ni chini huku, ni tambarare, moshi unauona kabla ya kumwona mtu. Mjukuu wangu amewaambia watu hoteli haina hata ukuni mmoja, halafu waje wakifuata moshi wa babu yake kama watu wanaofuata nyama choma. Nikamwaga ndoo nzima ya maji juu ya moto huo. Mengine yalimpata mzee.

"Umenimwagia," akasema.

"Ulikuwa unawaka."

"Sasa tutawapa nini?"

Nikafikiri chakula kisichojua moto. Nilikuwa na uji wa kimera kwenye kibuyu, ule wa mtama uliochachushwa, ambao kwetu hunywewa baridi na hakuna mtu amewahi kuulalamikia. Ndizi mbivu zilikuwepo, tele kupita kiasi. Parachichi zilikuwepo. Kulikuwa na nduma na viazi vitamu nilivyochemsha jana moto ukiwa bado mshumaa wa keki. Nikakata majani ya migomba, nikayapangusa, nikayapanga mezani badala ya sahani. Nikavaa leso safi. Nikamwomba Mungu awape wageni njaa kubwa.

Gari likaja. Mjukuu wangu akashuka wa kwanza, ana koti la kiofisi na kitambulisho shingoni, mzuri kama siku ya picha. Akaniona uso. Mtoto niliyemlea mimi hawezi kuniona uso asijue. Akanikumbatia na kuninong'onezea sikioni.

"Cucu, kuna nini?"

"Tangi limekufa."

"Limekufa vipi?"

"Tumeliosha."

Aliniachilia taratibu. "Nilikuambia usibadilishe chochote."

"Sikubadilisha. Nilisafisha."

Akaweka mkono mdomoni. Mpaka leo sijui kama alikuwa anazuia kilio au kicheko, na nimemuuliza. Hapo bosi wake akafika. Ni mama mrefu mwenye sauti ya chini, yule wa kukuuliza jambo halafu akangoja jibu lote. Wengine walikuwa nyuma yake, mwenye nyumba ya wageni akiwa na simu tayari ya kupiga picha.

"Habari zako, mama," bosi akasema. "Tumekuja kuona moto wako."

Mjukuu wangu akafungua mdomo. Nikaona anatafuta neno la chuo kikuu la kunifunika nalo, na sikutaka anifunike, kwa sababu likifunuliwa angekuwa yeye ndiye mwongo.

"Karibuni sana," nikasema. "Moto hakuna. Huyu mtoto alinikataza kulibadilisha tangi, mimi nikalisugua kwa sabuni na dawa ya kuua viini, kwa sababu mnakuja. Vijidudu vimekufa vyote. Makosa ni yangu na ya babu yake, yule pale aliyelowa."

Mzee akainua kofia. Maji yakamdondoka.

Ng'ombe wangu, safi kuliko watu wote pale, akalia. Nikamtazama mjukuu wangu. Alikuwa ameinamia kitambulisho chake kama anayekisoma kwa mara ya mwisho.

Mwenye nyumba ya wageni akateremsha simu.

"Dawa gani, mama?" akauliza.

"Ile inakuwa nyeupe kama maziwa ukiitia majini."

Akatoa leso, akajifuta paji la uso. "Wafanyakazi wangu wanaosha zizi na hiyo kila asubuhi. Maji yote yanaingia kwa tangi. Tangu tulizindue halijawaka tena. Nimemtukana fundi hadi amehamia Chuka."

Mama wa maua akatazama viatu vyake. "Letu tunalimwagia maji ya kuoshea vyombo," akasema. "Kantini nzima. Niliambiwa gesi haipatani na baridi ya Timau."

"Na wewe?" bosi akamuuliza wa mikate.

"Mimi sina tangi," akasema. "Lakini ningekuwa nalo ningeliosha."

Hapo mambo yakawa kama ibada ya kukiri dhambi. Bosi hakucheka. Alimgeukia mjukuu wangu. "Eleza," akamwambia. Neno hilo moja tu.

Mtoto akaeleza. Akavua lile koti, akachuchumaa kwenye mdomo wa tangi, akawaonyesha kinachoingia na kinachotoka, na kwa nini sabuni isipite hapo, na maji ya kuoshea yapelekwe wapi badala yake. Akawaambia biashara ikiamua kutunza ardhi isifanye hivyo siku ya uzinduzi tu, maana kilicho humo ndani kinataka kula kila siku, kama wafanyakazi, na hakijali picha. Akawaonyesha kuta zangu nyeupe. Akawapeleka kwenye migomba, mwenye mikate akajaribu kuinua mkungu, akaurudisha kwenye nguzo yake kwa adabu. Walipouliza za kuni, aliniachia mimi, nikawaeleza ya punda. Walipouliza kama wateja walilalamika, nikawaeleza ya kucheua, na mama wa maua akacheka hadi akaomba kiti.

Wakala. Mwenye nyumba ya wageni alikunywa uji wa kimera akauliza kama naweza kumfundisha mpishi wake. Nduma zikaisha. Parachichi zikaisha. Majani ya migomba yakaenda moja kwa moja kwa ng'ombe, ambaye hapo ndipo aliponisamehe. Bosi alikula polepole, akifikiri, nami nikahesabu kila tonge lake, maana alikuwa bado hajasema lolote kuhusu mtoto wangu.

Mwishoni akaosha mikono. "Nimetembelea hoteli nyingi zinazosema hazichafui hewa," akasema. "Hii ndiyo ya kwanza niliyoiona ambayo haikuchoma chochote kabisa."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

"Wiki ijayo tunaenda Embu," akaendelea, "kwa watu wa kahawa. Huyu ndiye atawaeleza haya ya leo. Na ningependa nyanya yake aje pia, aseme alivyoliua."

"Kwa hivyo amebaki?" nikauliza.

"Cucu," mjukuu wangu akaninong'oneza, akinivuta leso.

"Usinivute. Nimeuliza. Watu wa Embu ni wangu, nitaenda na kusema mpaka wachoke. Lakini mtoto amebaki kazini au hajabaki?"

Bosi akanitazama, halafu akamtazama yeye.

"Amebaki," akasema.

Nikapiga vigelegele. Nilivipiga kama siku ya ile kofia ya mraba, hadi wapakiaji wakateremka kwenye lori waone nani ameolewa. Mzee wangu wakati huo alikuwa nyuma ya zizi, analilisha tangi mavi mabichi aliyoazima kwa jirani, analiomba msamaha. Aliposikia vigelegele alidhani gesi imerudi. Akaja mbio na sufuria ya maharagwe mikononi, maji yakimwagika njia nzima, akasukuma wageni, akaiweka juu ya jiko na kuinama kutafuta moto.

"Uko wapi?" akauliza.

"Moto bado," nikamwambia. "Ni mtoto amebaki."

Akasimama wima, akamtazama mjukuu wake, akavua kofia yake yenye maji.

"Basi," akasema, "maharagwe yangoje."